Kilichowaangusha Bunker Hill ni kuishiwa baruti
Mwandishi mmoja anasema wanamgambo wa makoloni ya Amerika yaliyoasi dhidi ya Uingereza walifurushwa Bunker Hill, kilima karibu na Boston, tarehe 17 Juni 1775, kwa sababu walikuwa wakulima wasio na nidhamu ya kijeshi. Mimi naona amelitazama pambano hilo mwisho wake tu. Wakulima hao, chini ya Kanali William Prescott, walichimba ngome ya udongo kwa usiku mmoja juu ya Breed's Hill (huko ndiko kulikopiganwa hasa, ingawa jina lililobaki ni la kilima cha jirani), kisha wakayarudisha nyuma mashambulizi mawili ya askari wa Uingereza chini ya Jenerali William Howe, waliopanda mteremko kwa safu huku wamebeba mizigo mgongoni. Katika shambulizi la tatu baruti iliwaishia, na kwa kuwa wachache tu walikuwa na singe, baadhi yao walipigana kwa vitako vya bunduki na mawe kabla ya kurudi nyuma. Waingereza walikiteka kilima, lakini zaidi ya 1,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa, ilhali hasara ya wanamgambo haikufika watu 500. Wasomaji wenzangu, watu wasio na nidhamu wangeweza kweli kuzuia vidole vyao hadi adui awafikie karibu kabisa ndipo wafyatue, kama walivyofanya siku ile?