Basi halikuishinda treni kwa haki

Tarehe 3 Julai 1957 wakazi wa vitongoji vya magharibi mwa Chicago walipanda treni ya umeme asubuhi kwenda kazini kama kawaida. Jioni walipotaka kurudi makwao hawakuikuta. Kampuni ya Chicago Aurora and Elgin ilikuwa imepata ruhusa ya mahakama mchana ule, na papo hapo ikasimamisha safari zote za abiria. Haikungoja hata wale iliowaleta yenyewe wafike nyumbani. Watu wakisikia kisa hiki husema ndivyo maendeleo yalivyo: basi na gari dogo vilikuwa bora, treni ikashindwa sokoni. Mimi sikubali.

Treni hizo za kuunganisha mji na mji zilienea Marekani kuanzia miaka ya 1890, hasa Ohio na Indiana. Lilikuwa behewa moja au mawili, waya juu, mota chini ya sakafu. Mjini lilipita katikati ya barabara kama tramu. Likishatoka nje ya mji lilichanja mbuga kwenye reli yake lenyewe, kando ya mashamba. Mkulima alisimama kituoni, akapunga mkono, akapanda, na makopo yake ya maziwa yakapakiwa. Mwaka 1904 Indianapolis ilifungua stesheni kuu ya treni hizi, yenye njia 9 chini ya paa moja na jengo la ofisi la ghorofa 9 ubavuni. Mwaka 1941 treni zilikoma, na mabasi yakaingia chini ya paa lile lile.

Sasa tazama hesabu. Kampuni ya treni ilinunua ardhi, ikajenga tuta na madaraja, ikatandika mataruma na reli, ikasimamisha nguzo za umeme, na kila mwaka ikalipia kodi mali hiyo yote. Mijini, mikataba mara nyingi iliilazimu hata kutengeneza ile sehemu ya barabara iliyo katikati ya reli zake, sehemu ambayo magari ya wengine yaliichakaza bure. Mwenye basi alihitaji basi, dereva na mafuta. Barabara aliikuta. Kuanzia sheria ya mwaka 1916, serikali kuu iliyapa majimbo fedha za barabara, na lami ikasonga mbele, mara nyingi sambamba kabisa na reli. Ni kweli mwenye basi alilipa leseni na kodi ya mafuta, lakini hakuna aliyemtaka ajenge daraja.

Treni hazikukaa tu zikisubiri kufa. Mwaka 1930 kampuni ya Cincinnati and Lake Erie ilileta mabehewa mapya mepesi, mekundu, yenye viti vya ngozi, na moja likashindanishwa na ndege karibu na Dayton mbele ya kamera. Lilifika kama kilomita 156 kwa saa! Mwaka 1939 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeachana na treni.

Makosa yao pia yalikuwepo. Njia nyingi zilijengwa kwa mikopo mikubwa kuliko nauli za abiria zilivyoweza kulipa, na Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ukazikuta zikiwa tayari hoi. Wengi hupenda kuilaumu General Motors, kampuni ya kutengeneza magari na mabasi. Kweli, mwaka 1949 ilitiwa hatiani pamoja na kampuni nyingine kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri wa mijini za National City Lines, lakini kufikia hapo treni za Ohio na Indiana zilikuwa karibu zote zimeshang'olewa. Aliyeamua mchezo ni mlipakodi, aliyegharamia barabara huku reli ikiachwa ijilipie.

Basi lina faida zake: linafika kijiji kisicho na reli, na likikosa abiria huku linapelekwa kule. Kinachoniuma ni tuta kuuzwa vipande vipande. Los Angeles iliua treni yake ya Long Beach mwaka 1961, ila mabehewa ya mizigo yakaendelea kuitumia njia, na mwaka 1990 treni ya abiria ikarudi papo hapo. South Shore, kati ya Chicago na South Bend, iliokolewa kwa fedha za umma, na mwaka 2024 ilikamilisha njia ya pili kwenye sehemu ndefu ya reli yake. Ile ya Aurora ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Ni nzuri kutembelea, lakini treni hairudi.

Sisi tunalijua hili. Safari za abiria za Dar es Salaam na Moshi zilikufa miaka ya 1990, tukabaki na mabasi. Desemba 2019 treni ikarudi Moshi, mwaka uliofuata ikafika Arusha. Iliwezekana kwa sababu chini ya majani tuta lilikuwepo na hifadhi ya reli ilikuwa bado mali ya umma. Tangu 2024 tuna treni ya umeme hadi Dodoma, na wapo wanaouliza reli ya zamani, inayofika hadi Kigoma, ina kazi gani tena. Kabla mtu hajagusa hata taruma moja, atuonyeshe kwanza mzigo na abiria wa Kigoma watapita wapi miaka 30 ijayo, na kwa fedha za nani.