Eti Sina Hasira, Nina Kiu

Leo nimeambiwa na binti wa watu, miaka 22 hata sijui kama kaifikisha, ndani ya daladala, mbele ya waliokaa na waliosimama, kwamba mimi si mkorofi. Nina kiu tu.

Bora angesema mkorofi. Ukorofi una heshima yake, watu wanakupisha mlangoni. Mwenye kiu anaonewa huruma, na mimi sikupiga shati pasi na kuchomekea ili nionewe huruma na gari zima.

Ngoja nianze vizuri, maana kichwa bado kinagonga.

Nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kuikwepa foleni. Kituoni nimekunywa kahawa, kile kikombe kidogo kama kizibo, na kashata mbili. Kazini lile dumu la maji linalopinduliwa juu ya mashine limekauka tangu wiki iliyopita. Mhasibu anasema fungu la maji halijatoka. Mchana wali maharage, nikateremshia na mate. Maji sikuyakataa, hayakupita tu. Na joto hili la Februari unatoka jasho umekaa kivulini unasikiliza redio.

Basi jioni tumekwama Mtoni kwa Aziz Ally, konda kapita, nimempa noti ya elfu mbili. Nauli mia sita. Akanirudishia elfu moja mia nne.

"Kijana, chenji haijatimia."

"Imetimia, mzee."

"Elfu mbili toa mia sita ni elfu moja mia sita. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana. Nimezika watu kwa hesabu hizi hizi."

Hapo gari likagawanyika. Seremala mmoja mwenye msumeno akawa upande wangu bila hata kusikiliza kiasi, yeye ana kesi yake na makonda wote wa Dar es Salaam. Mtoto wa shule akafumba macho akahesabu, akafumbua, akanitazama, akageukia dirishani. Adabu ya nyumbani kwao ile. Suka akauliza kuna nini huko nyuma, akajibiwa na watu sita kwa mpigo.

Kwenye kiti cha injini alikaa mama wa samaki, beseni mapajani. Akasema kwa upole, upole ule wa kumtoa mtoto uchafu jichoni: "Baba, shika mia sita. Ongeza mia nne. Ngapi?"

"Elfu."

"Haya, kutoka elfu kwenda elfu mbili?"

Nikakaa kimya. Nikaanza upya kwa vidole. Namba zilikuwa zinateleza kama wale kibua wa beseni lake. Nikasema siwezi kufanyishwa mtihani ndani ya gari, na nikasema kwa sauti ambayo leo jioni hii naionea aibu. Konda, ambaye pua yake naifananisha na ya mwanangu wa pili, akatoa sarafu ya mia mbili. "Chukua, mzee wangu, yaishe. Mimi nitajuana na bosi."

Sadaka! Nimetolewa sadaka na konda!

Ndipo yule binti akageuka. "Shikamoo, baba. Leo umekunywa maji?"

"Marahaba. Maji na chenji yangu wapi na wapi?"

Kumbe anasoma mambo ya lishe, na foleni ilikuwa haisogei, kwa hiyo tumesomeshwa sote. Anasema watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, huko Marekani, waliwatembeza vijana wa kiume 26 kwenye mashine ya mazoezi mpaka wakapungukiwa maji kama asilimia 1.6 ya uzito wa mwili. Kwa kilo zangu 80 hiyo ni lita moja na robo hivi, mimi naitoa kwa jasho kabla ya kufika Kariakoo. Wale vijana wakaanza kukosea kazi za kutaka umakini, kumbukumbu ya papo kwa papo ikawa nzito, wakachoka, wakaingiwa wasiwasi. Ripoti ilitoka 2011. Wanawake wakapimwa pia, ikachapishwa 2012: kichwa kikawauma, wakanuna, kazi wakaiona ngumu, lakini majibu yao kwa sehemu kubwa yakabaki sawasawa.

Mama wa samaki akaguna tu. Mguno ule ulikuwa hotuba nzima.

Nikajitetea kwamba kiu sikuisikia. Binti akasema mara nyingi kiu inafika mwili umeshapungukiwa, na umri ukisogea yenyewe inachelewa kubisha hodi. Nikauliza kuhusu glasi nane kwa siku. Akasema hiyo si sheria. Mwaka 1945 bodi moja ya lishe ya Marekani iliandika lita mbili na nusu, na papo hapo ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu wakaishia sentensi ya kwanza. Hapo nilimwelewa kabisa, mkataba wangu wa nyumba niliusoma vivyo hivyo. Chai inahesabika, uji unahesabika, hata tikiti. "Wewe angalia mkojo tu, baba. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umepungukiwa."

"Mzee, wako ukoje?" akauliza konda.

Nikashuka vituo viwili kabla.

Nikanunua chupa kubwa, elfu moja, nikaimaliza nimesimama. Kichwa kikapungua kidogo, sijui ni maji au ni kuachana na lile gari. Halafu maji yakataka kutoka. Choo cha kulipia mia tatu, mlinzi wa choo hana chenji. Sikubishana. Nilikuwa sijiamini tena kwenye kutoa.

Lakini kilichonikosesha raha si konda. Sasa najiuliza ni mambo mangapi nimeyaamua saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Ramadhani tunajua, hakuna anayekwenda kudai deni dakika kumi kabla ya futari. Miezi mingine je? Daftari la chama huwa nalijumlisha jioni, nikitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu. Mwezi wa Novemba nilimwambia katibu mbele ya kikao kwamba kala elfu nne za msiba wa mzee Shaame. Hajanisalimia mpaka leo. Nimelifungua sasa hivi. Elfu nne ipo. Ipo safu ya pili, kwa mwandiko wangu.

Nitakwenda kwake kesho. Au Jumamosi, kesho si siku nzuri.

Na sasa nimwombe mama watoto glasi nyingine, anasema ya kuchemshwa yameisha na bomba halijatoa tangu Jumatatu. Jirani mwenye tangi anatuuzia ndoo, bei kapandisha bila kikao. Eti umeme wa pampu. Pampu gani? Tangi liko juu ya paa, maji yanashuka yenyewe! Ngoja nivae kandambili, huyu lazima anieleze leo leo