Nilikwenda Kuhesabu Wadudu, Kijiji Kikachimba Rupia

Kwa watu wa Bahi, mkoani Dodoma, kijana mwenye sururu, kamba na simu anayechimba mashimo kwa mstari mnyoofu karibu na reli ya zamani hawezi kuwa na shida nyingine duniani isipokuwa mali ya Mjerumani. Chuoni hili hawafundishi. Tulifundishwa kukokotoa wastani, kupanga kontroli na kuandika marejeo hadi nukta ikae mahali pake. Kuhusu Mjerumani, kimya.

Na hadithi yenyewe haikuanza hewani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma na Bahi, ikafika Kigoma mwaka 1914. Vita vikawakuta humu humu, na mwaka 1916 pale Tabora wakagonga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Kisha wakashindwa, wakaondoka. Sasa mtu anayekimbia na masanduku mazito atafanya nini? Atafukia. Wapi? Chini ya mbuyu. Ndiyo maana ukiuliza utaambiwa ramani ipo, ila aliyekuwa nayo ameshafariki.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, na utafiti wangu ulikuwa wa wadudu. Supavaiza wangu, tumwite Dokta inatosha, ana mapenzi makubwa na HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, ambao mwaka 1979 uliwaondoa ng'ombe kwenye vilima vya Kondoa ili majani yaote tena. Ukikaa naye dakika tano utasikia Kondoa. Swali alilonipa lilikuwa zuri, nalisema kwa dhati: mifugo ikizuiwa eneo, wadudu watambaao ardhini wanabadilika vipi? Tukapata mahali panapofaa, shamba la shule lililozungushiwa minyaa, ng'ombe hakanyagi. Upande wa pili wa minyaa, malisho ya kijiji, mekundu na makavu, na katikati yake mbuyu mmoja mnene. Dokta aliufurahia mbuyu ule. "Utakusaidia kama alama," akasema.

Mtego wenyewe hauna makuu. Unachimba kishimo cha kuingia kikombe cha plastiki, unakizamisha hadi mdomo wake ulingane na ardhi, unatia maji na matone ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inalegeza ule utando wa juu ya maji, kwa hiyo mdudu akitumbukia haelei, anazama. Asubuhi unamtoa kwa kibano, unamtia kwenye chupa ya spiriti, unamhesabu. Vikombe nilinunua Soko la Majengo. Muuzaji akaniuliza harusi lini. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa, nikamwambia ni harusi ya familia yenye shida, akanipunguzia.

Dokta alishikilia jambo moja tu: gridi. Kila kikombe kikae mita tano kutoka kwa mwenzake, safu A hadi E, kamba ivutwe. "Usiniletee mistari ya mlevi," alinionya.

Barua zilipita chuo, halmashauri, mtendaji, mwenyekiti, hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Zilisema ninakuja kukusanya sampuli kutoka ardhini. Huku watafuta urani wamewahi kupita na mashine zao, watu si washamba wa mambo ya sampuli. Mwenyekiti aliisoma barua, akaikunja taratibu, akaniangalia kama mtu aliyekwisha kuelewa. "Karibu sana mwanangu," akasema. "Kijiji hakina ubaya na mtu, muhimu ni kukumbukana."

Mimi nikaona ni ukarimu.

Chini ya mbuyu alikuwa akikaa babu mmoja na kigoda chake, hachezi mbali. Nilimwamkia kila nilipopita na kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kipimo kinasoma?"

Nilikuwa nimeshika simu, nachukua majira ya nukta kwa GPS, na kwa heshima ya mzee nikamjibu ukweli: "Kinasoma babu, ila hapa mbuyuni kinasumbua, kinaniambia mita nne."

"Mita nne!" Akasimama. Sikujua kama miguu ile bado inaweza kusimama kwa kasi vile. Mimi nilikuwa nazungumzia simu kukosea mahali. Yeye alikuwa ameshapewa kina.

Jamaa yangu wa kozi aliyekuja kunisaidia ndiye aliyemalizia kazi. Yeye ana sauti ya kondakta. Asubuhi ile ya kwanza ya kuinua vikombe alikuwa safu C, mimi A na daftari, na kijiji kizima kikisikiliza: "C tatu! Kuna dude kubwa linang'aa!" Alikuwa mbawakawa, mgongo wake kijani cha chupa, anatikisa miguu ndani ya povu pembeni ya nge aliyekufa. Kweli alikuwa mzuri. Nami nikapayuka: "Tia kwenye chupa haraka, watu wasije wakalimwaga!"

Usiku tulilala kwa mwalimu. Tulisikia mbwa, tukasikia majembe. Jamaa akasema ni watu wanachimba maji, maana kiangazi huku watu huyafuata maji kwenye mchanga wa makorongo. Tukageuka upande wa pili.

Kulipokucha, kwa upande wa minyaa wa ndani vikombe vilikuwa salama. Kwa nje hakukuwa na kikombe hata kimoja. Kulikuwa na mashimo. Na hapa lazima niwe mkweli, gridi waliiheshimu kuliko mimi. Kila pale nilipochimba kimo cha kikombe, wao walikuwa wameteremka hadi kiunoni, hawakuongeza shimo pembeni wala kuruka safu. Kule C3 ilionekana kofia tu. Mwenye kofia akainua uso, ana vumbi hadi kwenye kope, akaniuliza kwa adabu: "Mtaalamu, mita nne bado sana?"

Vikombe tulivikuta kilabuni. Mama muuzaji alisema siku hiyo pombe ilikuwa na povu ajabu, na wateja waliisifu.

Dokta, ambaye ratiba yake ya kunikagua haijawahi kutimia hata mara moja, siku hiyo alifika saa tatu kamili. Gari la chuo, miwani, kofia pana. Watu wakaambizana: bosi kaja kuchukua mzigo. Kabla hajafunga mlango, mwenyekiti alikuwa ameshaitisha mkutano chini ya mbuyu, na ajenda ilikuwa asilimia ya kijiji.

Dokta akafanya kosa la wasomi wote, akaeleza. Akaeleza mbawakawa wanavyofukia mavi ya ng'ombe na kuipa ardhi hewa, akafika Kondoa, akainua chupa ya spiriti juu watu waone. Kimya. Mbawakawa wangu wa kijani alikuwa anazunguka ndani polepole. Bibi mmoja akanigeukia mimi, si Dokta, kwa huruma kabisa: "Mwanangu, nyumbani kwenu wanajua kama hii ndiyo kazi unayofanya?"

Watu wakacheka, nikadhani yameisha. Babu akainuka. "Watu wazima wenye gari la serikali," akasema, "watoke mjini waje kuhesabu mende? Na sisi tukubali?" Mkutano mzima ukaitikia. Kila Dokta alipozidi kukanusha, ndivyo asilimia ya mwenyekiti ilivyozidi kupanda.

Kilichovunja mkutano ni mlio kutoka safu D. Mbuzi wa mwenyekiti mwenyewe alikuwa ametumbukia. Walimtoa kwa kamba yangu ya gridi. Dokta akachukua daftari langu, akaandika kitu, akanirudishia. Chini ya D4 palisomeka: "Mbuzi, 1. Mtego unafanya kazi."

Upande wa nje tulihamishia mbali, mahali pasipo na mbuyu. Takwimu zikapatikana, nikafaulu. Kwenye ripoti yale yote yalikaa kwenye sentensi moja, kwamba eneo la awali liliathiriwa na "shughuli za binadamu". Mtahini wa nje akauliza ni shughuli zipi. Dokta akakohoa, akamwambia tuendelee na majedwali.

Mashimo hayakufukiwa. Mvua za Desemba zikayajaza, na afisa ugani mmoja aliyekuwa akipita akasimamisha pikipiki. Wakulima wa Chololo, hapa hapa Dodoma, wanajulikana kwa kuvuna maji ya mvua kwa vishimo vya mistari, naye akaona hiki kijiji kimekwenda mbele zaidi. Akapiga picha. Mwenyekiti kasimama kando ya C3 na jembe begani, kifua mbele.

Picha hiyo mwalimu alinirushia kwa simu. Halafu akaniambia kuna mtu anataka kuzungumza nami, nikasikia simu inahama mkono.

"Mjukuu wangu," Babu akanong'ona. "Hapa niko peke yangu. Kilikuwa safu B, au ile ya mbuzi?"