Vitabu vya Buxheim: kuuzwa si hasara kubwa kuliko zote

Septemba 1883, mjini Munich, maktaba ya monasteri ya Buxheim ilipigwa mnada. Watawa Wakartusi waliingia Buxheim, karibu na Memmingen kusini mwa Ujerumani, mwaka 1402, wakakusanya vitabu kwa miaka 400 hadi mali za Kanisa zilipotaifishwa mwanzoni mwa karne ya 19. Majengo na vitabu vikaangukia mikononi mwa makabaila, na mmoja wao, Hugo wa Waldbott-Bassenheim, alipozidiwa na madeni akauza. Leo vitabu hivyo vimetapakaa Ulaya na Marekani.

Wanaolilia kutawanyika huko wana sababu. Chukua mfano wa Hilprand Brandenburg, padri wa Biberach aliyewapa watawa hao vitabu takriban 450, vingi vikiwa vya miaka 50 ya kwanza ya uchapaji. Ndani ya kila kimoja alibandika kipande cha karatasi chenye malaika aliyeshika ngao, na juu ya ngao ng'ombe dume mwenye pete puani. Ni miongoni mwa vibandiko vya zamani kabisa vya mwenye kitabu vilivyochapwa. Vikiwa pamoja, vitabu hivyo vilionyesha msomi mmoja wa karne ya 15 alisoma nini na alithamini nini. Vikitawanyika, kila kimoja kinabaki yatima.

Wa upande wa pili wanasema mnada uliviokoa. Wakartusi ni watawa wa kimya na upweke. Ni wangapi wangeruhusiwa kuvifungua? Tena watawa wenyewe wameuza: mwaka 1926 Biblia ya Gutenberg, kitabu maarufu cha mwanzo wa uchapaji Ulaya, ya abasia (monasteri) ya Melk, Austria, iliuzwa Marekani ili abasia ikarabatiwe. Siwezi kuwalaumu. Paa likivuja, hakuna kitabu kitakachopona chini yake.

Wapo pia wanaotaka virudishwe, wakitaja viti vya kwaya vya Buxheim, vilivyouzwa wakati huohuo, vikaenda Uingereza na kurejea mwaka 1980. Hapa siwafuati. Viti vile vilichongwa kwa ajili ya ukumbi ule ule. Kitabu cha chapa kimezaliwa na ndugu zake mamia, kikasafiri toka karakana hadi sokoni kabla hakijafika rafu yoyote.

Kinachoniuma ni kufutwa kwa nyayo. Wauzaji na wakusanyaji walibandua vibandiko, wakaosha maandishi ya pembeni, wakavisha kurasa majalada mapya ili zing'ae. Wapo malaika wa Brandenburg wanaohifadhiwa peke yao, kama picha tu, bila kitabu. Linganisha na picha ya Mtakatifu Kristofa iliyochapwa kwa ubao, yenye mwaka 1423, maarufu kwa wote wanaofuatilia historia ya chapa. Nayo ilitoka Buxheim, tena kabla ya mnada, na sasa iko maktaba ya John Rylands, Manchester. Lakini imebaki ndani ya jalada ilimobandikwa, ndiyo maana tunajua ilikotoka.

Siku hizi wataalamu wa maktaba za Ulaya wanaorodhesha kwenye kanzidata moja alama za kila nakala ya karne ya 15: mihuri, majina, bei, vibandiko. Hivyo mtu anaweza kuipanga upya rafu ya Brandenburg bila kukihamisha kitabu hata kimoja, lakini nakala iliyooshwa na kubanduliwa haitakuwa na cha kuorodheshwa.