Mkikarabati kinanda cha mabomba, mkasi uwekeni mbali

Kitu kinaniuma sana ni mtu kusema "tumekarabati kinanda cha kanisa" kumbe wamekibadilisha sauti kabisa. Kufuta vumbi, kubadili ngozi ya mivukuto iliyochanika, hapo sina neno, ngozi inazeeka. Lakini bomba ndo sauti yenyewe, urefu wake, unene wake, mdomo wake umekatwa juu kiasi gani, upepo unaingia kwa nguvu gani, ukigusa kimoja tu basi si sauti ile tena, na bati ukishalikata halioti.

Kuanzia miaka ya 1920 kule Ujerumani watu walianza kutaka vinanda virudi kwenye sauti ya enzi za mtunzi Bach, karne ya 18, ile kali na angavu, na mawazo hayo yakasambaa nchi nyingi. Nia nzuri kabisa, ila vinanda kibao vya karne ya 19 vilipunguziwa upepo, mabomba ya sauti nene, yale ambayo refu lake lina futi kama 8, yakafupishwa au yakatupwa, yaani kinanda kilichozaliwa kuimba kwa kifua kikalazimishwa kuimba kwa pua.

Sasa mtaniambia mbona hata Aristide Cavaillé-Coll, yule fundi vinanda Mfaransa wa karne ya 19, alibadilisha vya wenzake. Kweli, pale kanisa la Saint-Sulpice, Paris, alipomaliza mwaka 1862 kinanda kilikuwa na stopu 100 (stopu ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja) na kilikuwa kitu kingine kabisa. Lakini mabomba ya Clicquot, fundi aliyekijenga kabla yake, ya 1781 hakuyatupa jamani, mengi aliyabakisha akajengea humo humo, na waliomfuata nao wamekiacha karibu vilevile mpaka leo, ndo maana tunaweza kumsikia yeye na Clicquot kwa pamoja.

Kanisa kuu la Notre-Dame, Paris hiyo hiyo, nako alimaliza 1868, ila kile kimeguswa sana baadaye, miaka ya 1960 Pierre Cochereau, mpiga kinanda wa pale, alikiwekea umeme na stopu mpya. Napenda mno alivyopiga, mabadiliko yake mengine siyapendi. Halafu ukaja moto wa Aprili 2019, kinanda kikanusurika lakini kikajaa vumbi la risasi, mabomba karibu 8,000, ikabidi kukifungua, kusafisha, kurudisha, kisha mafundi wakakaa usiku kucha kusikiliza bomba moja moja maana mchana kelele za ujenzi. Disemba 2024 kikalia tena. Wangeweza kusema kimeshafunguliwa, tukiboreshe. Wakakisafisha, wakakirudishia sauti yake.