Tantalus alikosa ndo akakosa maji, sasa Rubaya wamekosa nini?

Koltani, yale madini ya kwenye simu, kila mtu kaisikia, ila ukilipasua hilo jina unakuta Wagiriki wamejificha humo. Ni madini mawili, kolumbaiti na tantalaiti, na tantalaiti inatupeleka kwenye tantalamu, metali ambayo mkemia wa Uswidi Anders Ekeberg aliigundua 1802 akaipa jina la mfalme Tantalus wa hadithi za Kigiriki.

Huyu jamaa alikuwa mtoto wa Zeus, mkuu wa miungu, anakula meza moja na miungu kabisa, halafu zamu yake ya kuwakaribisha akamchinja mwanae Pelops, akampika, akawaandalia, eti awapime kama watajua. Wakajua, isipokuwa Demeter, mungu wa kike wa mavuno, aliyekuwa na mawazo ya binti yake aliyepotea, yeye alishatafuna bega (Pelops akafufuliwa akawekewa bega la pembe ya ndovu). Tantalus akahukumiwa kusimama kwenye maji ya kidevuni, akiinama anywe yanakauka mpaka udongo mweusi unaonekana miguuni, akinyoosha mkono achume komamanga upepo unarusha matawi juu, na ni hivyo milele. Ekeberg aliona oksaidi ya tantalamu unaizamisha kwenye asidi ya kumwaga na haivuti kitu, akamkumbuka mzee.

Sasa mtu anaweza kusema basi Mkongo ndo Tantalus wa leo, na kijuujuu inaingia, maana pale Rubaya, mji wa machimbo ya koltani huko Masisi, mashariki mwa Kongo, vijana wanashinda na sepetu na majembe wakichimba na kuosha mchanga wa metali inayotumika dunia nzima kutengeneza kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme ndani ya simu, na wao hali ni ileile. Mi siikubali hata kidogo. Tantalus alikula kwanza akashiba, halafu akakosa, akaadhibiwa, sasa hawa kosa lao lipi? Na yale maji yalimkimbia yenyewe, koltani haina miguu bana, inabebwa kwa magunia na kila kituo kuna mtu wa kukusanya chake, tangu 2024 waasi wa M23 walipoukamata mji wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika wazi kwamba waasi hao wanatoza kodi kwenye hiyo biashara. Kuna mkono unaoondoa, na mikono inayonunua.

Kama lazima tumtafute mtu wa Rubaya kwenye hadithi hii mi namchukua Pelops, aliyepikwa na mtu wa nyumbani kwake mwenyewe ili wageni wakubwa wale.