Kijana wa Lamu na jeshi: aingie na D yake ama asubiri?

Kuna kijana wa fomu thri hapa Langoni, jina simtaji, ana miaka 17 na kichwani kwake yeye tayari ni mwanajeshi. Akanijia na swali lake: akimaliza fomu foo aende moja kwa moja foleni ya makurutu, ama asome kwanza aje aingie kama kadeti awe afisa? Babake asema aende mara moja, riziki ikija huiambii ngoja. Mamake hataki hata kusikia habari ya jeshi ikitajwa ndani ya nyumba. Mjomba wake ni mvuvi, yeye ana yake na wanajeshi, nitafika huko. Nimeona nijibu hapa kwa urefu manake si yeye peke yake, kila mwaka tangazo likitoka vijana wa huku wazunguka mji mzima waniuliza mimi na wazee wengine mambo yaleyale.

Kwanza hapo kwa umri pasitusumbue. Jeshi la Kenya lachukua mtu wa miaka 18 kwenda juu, na kwa kurutu wa kawaida mwisho 26. Kwa hiyo huyu wa 17 hata akiwa na kifua cha simba hana pa kwenda leo, na akimaliza shule bado ana miaka minane mbele yake. Hiyo hoja ya "nisipoenda sasa nitachelewa" haina mguu wa kusimamia. Wa kuogopa kuchelewa ni yule wa 25, si wewe bado wavaa yunifomu ya shule.

Halafu twapenda kusema jeshi jeshi kama vile ni mlango mmoja, kumbe ni mitatu na zaidi. Kuna hao makurutu wa kawaida, ndo ile siku watu wajaa uwanjani na vyeti mkononi, wakimbizwa, wapimwa urefu na uzito, wahesabiwa meno, waangaliwa nyayo kama ni bapa, na wakichukuliwa mafunzo ni Eldoret. Matangazo ya miaka ya karibuni hapo yamekuwa yakitaka D plain ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa fomu foo. Kuna mafundi, hao waingia na cheti ama diploma ya kazi fulani, umeme, makenika, uuguzi, mapishi, na wao huongezewa umri kidogo. Kuna makadeti, hao ndo maafisa wa kesho, watakiwa C+ kwenda juu kutegemea tangazo, na hesabu, Kiingereza na sayansi ziwe zimesimama, mafunzo yao ni chuo cha jeshi kule Lanet, Nakuru. Halafu kuna wataalamu, madaktari, mainjinia, mawakili, mpaka maimamu na mapadre, hao waingia na digrii zao.

Sasa babake mtoto, tumsikize vizuri kabla hatujamcheka, manake ana hoja. Lamu hii kijana akimaliza shule kazi ni zipi? Ataendesha boda kule bara, Mokowe ama Hindi, ataingia baharini na mjombake, atabeba mawe ya matumbawe na punda, atasubiri wageni pale Mkunguni msimu ukiwa mzuri. Bandari ya Lamu gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na vijana wetu waliambiwa mengi, lkn crane haiendeshwi na mtu wa kupewa ahadi, yaendeshwa na mwenye cheti. Ukilinganisha na hayo, jeshi ni mshahara unaoanza hata kabla hujamaliza mafunzo, matibabu, pahali pa kulala, na mwisho wa safari pensheni. Mtu akiingia na 19 aweza kuwa amejengea wazazi nyumba na wenzake aliosoma nao bado watafuta wa kuwalipia karo. Na si kwamba ukiingia kurutu ndo umefungiwa chini milele, wapo walioingia wakasoma wakiwa humohumo kazini wakapanda vyeo. Haya ni mambo ya kweli.

Lakini kuna kitu huyo baba hakioni na ndicho kilichonifanya niandike. Nilipomuuliza kijana hisabati zaendaje akacheka akaniambia, "Mzee, mimi nataka D tu, jeshi halitaki zaidi." Hapo ndo nikaona hatari iko wapi. Hatari si jeshi lenyewe, ni kwamba mtoto ashaacha kusoma kwa sababu ya jeshi ambalo halijamchukua! Siku ya usajili nafasi za kila kaunti zajulikana ni chache na wanaokuja ni wengi mno, kijana mzima ana nguvu zake hurudishwa kwa jino moja ama kovu ama mguu, na hakuna wa kumkatia rufaa. Ukirudishwa nyumbani na D mkononi, D hiyo yakufungulia nini? Mlango uliokuwa unafunguka kwa D ndo huo ushafungwa usoni kwako. Mwenye C+ akirudishwa ana chuo, ana ualimu, ana bandari, na mwaka ukija aweza kujaribu tena jeshi kwa mlango wowote anaotaka, hata huo wa makurutu hakuna anayekatazwa kuingia kwa kuwa na gredi nzuri. Kwa hiyo hata kama lengo ni lile la babake, la kuingia haraka, bado njia yake ni kusoma.

Na kuna la heshima pia, vijana hawalifikirii mpaka walikute. Kurutu aliyeingia na 19 akakaa miaka akawa koplo, siku moja aletewa luteni wa miaka 23 katoka Lanet juzi, na yeye ndo atampigia saluti na kuamriwa. Wengine haiwaumi kabisa, jeshini koplo mzuri ana heshima yake hata kwa maafisa. Lkn huyu kijana wetu namjua, ni mtu wa kutaka kusema, kwao yeye ndo kiranja, na mtu wa hivyo akiwa chini ya mdogo wake kwa umri atalia.

Haya, mamake. Watu humwambia ni woga wa wanawake tu, mimi sisemi hivyo. Mama wa Lamu haogopi kitu cha kusimuliwa redioni. Mwaka 2011 watu walitekwa Kiwayu na Manda, Oktoba mwaka huohuo jeshi likavuka mpaka kuingia Somalia kupigana na al-Shabaab na mpaka leo bado liko huko. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani wakauliwa watu zaidi ya 60. 2015 operesheni ikaanzishwa msitu wa Boni. Januari 2016 kambi ya jeshi letu El Adde, huko Somalia, ikavamiwa na mpaka leo serikali haijasema wazi walikufa wanajeshi wangapi, na hilo kwangu ndilo baya kuliko yote, mzazi kutoambiwa ukweli. Januari 5 2020 uwanja wa ndege wa Manda Bay ukashambuliwa, Wamarekani watatu wakauawa, na moshi wake watu waliuona. Kwa mwanamke aliyekaa na haya yote vita viko ng'ambo ya mkondo, jahazi likienda na upepo mzuri yuwafika. Akisema hataki, asema akijua.

Ila nitamwambia na yeye kitu kimoja. Hatari hii haimfuati mwanajeshi peke yake. Waliouawa Mpeketoni wengi walikuwa raia ndani ya mji wao. Barabara ya Witu kwenda Gamba imelipuliwa na kuviziwa miaka na miaka na wanaopita ni abiria wa basi na watu wa mboga. Kumzuia mtoto asiende jeshi hakumtoi kwenye hatari ya pahali alipozaliwa, kwampunguzia tu sehemu yake, na hiyo sehemu mama ana haki kuipima. Mtoto naye ajue hakuna kusema nimechoka narudi nyumbani, ukitoroka jeshi ni kosa la sheria la kijeshi na waja kukamatwa.

Mjomba sasa. Huyu ndo mgumu kumjibu. Kwa miaka watu wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na mvuvi wa kamba anajua usiku ndo kazi. Kukawa na kafyu 2014. Kukawa na vijana kushikwa, wengine hawakuonekana tena, na kila nyumba ina hadithi yake. Kwa hiyo mjomba amwambia mpwa wake: wataka kuvaa nguo za watu waliotunyima ugali? Ni neno zito na mimi siwezi kulipuuza, nimeona mashua zimelala ufuoni zikipasuka mbao.

Lkn nikilipindua naona upande mwingine. Usiku mmoja doria yasimamisha mashua, ndani ya doria hakuna hata mmoja anayejua tofauti ya nyavu za jarife na kitu kingine, hajui Kibajuni, hajui kwamba mtu wa Kizingitini akikujibu kwa sauti juu si ukali ndo maongezi yake. Mara ngapi ubaya umeanzia hapo? Katiba yenyewe, ibara ya 241, yasema uongozi wa jeshi uonyeshe sura ya makabila na maeneo yote ya nchi. Sura yetu itaonekanaje kama watoto wetu hawaendi, ama waenda wote wa D kwa ngazi ya chini kabisa pasipo na mtu wa kusema neno mezani? Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa Pwani hii hii, mwanamaji, alikuwa mkuu wa majeshi yote kuanzia 2015 mpaka 2020. Na kwa mabanati, wasichana wetu, wanaosoma hapa, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi la wanahewa, aliteuliwa 2024. Hao hawakufika huko kwa kutafuta gredi ya chini kabisa inayokubaliwa. Sisemi afisa mmoja wa Faza atamaliza matatizo ya wavuvi, hapana, atapokea amri kama wengine. Lkn nachagua awepo kuliko asiwepo.

Mlango ambao hakuna hata mmoja kwa hiyo nyumba aliutaja ni wa mafundi, na kwangu mimi ndo unaomfaa huyu kijana akikosa C+. Huyu mtoto tangu ana miaka 12 afungua injini za boti pale jeti, namuona akipuliza kabureta kwa mdomo, akisikia mlio tu akwambia plagi ya pili haichomi. Jeshi la wanamaji lina makao yake Mtongwe Mombasa na lina kambi hapa hapa Manda Bay, na boti zao hazijitengenezi. Lakini ujuzi wa jeti bila karatasi hakuna atakayeuangalia. Miaka miwili ya chuo cha ufundi, makenika wa injini za baharini, na ana kitu ambacho jeshi lataka, na jeshi wakimkataa bandari wataka, na bandari wakimkataa wenye boti wa Shela na Kipungani watamlipa. Kuna Bandari Maritime Academy Mombasa kwa hayo mambo ya bahari. Kuna pia walinzi wa pwani, Kenya Coast Guard, ilianzishwa 2018, ni kazi ya yunifomu na bahari na huko Somalia hupelekwi. Mama angalau hilo angelisikiza.

Njia za nje nazipita haraka. Uingereza huchukua watu wa Jumuiya ya Madola lkn nafasi na masharti ni kibao, Marekani bila grini kadi ama uraia usijisumbue. Na hawa wanaotuma meseji za kazi ya "ulinzi" Urusi kwa mshahara wa kutoa mate, kaeni mbali, mwaka 2025 serikali yenyewe ilikubali kuna Wakenya waliishia vitani Ukraine bila kujua waendapo.

Pesa nazo. Usajili wa jeshi ni bure, hulipi shilingi, na ukilipa wewe na uliyemlipa nyote mna kosa. Wazee huku wameuza mashamba ya minazi kumpa mtu aliyesema amjua mkubwa, kijana apewa koling leta, ile barua ya kuitwa mafunzoni, yenye muhuri mzuri kabisa, apanda basi mpaka Eldoret, na getini yule askari aiangalia mara moja tu amwambia hii ni feki, na wengine hushikwa hapohapo. Babake huyu ana shamba Hindi na nimemwambia mbele ya watu, hilo shamba lisiguswe.

Kwa hiyo jibu langu: D yake aiondoe kichwani, alenge C+, akiipata aombe kadeti, akikosa aende ufundi wa injini miaka miwili halafu aombe akiwa na 20, bado kijana mbichi. Foleni ya makurutu awe nayo mwisho, si mwanzo. Babake hatapenda, mamake atapenda nusu.

Na kuna kazi ya kufanya likizo hii kabla ya yote. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina lake kwa herufi nyingine, shuleni kasajiliwa kwa nyingine, na jina la babu limeandikwa kwa cheti kimoja na kwa kingine halipo. Watu wa Lamu twajua habari ya kitambulisho, hata aliye na karatasi zote sawa huambiwa rudi kesho, lete mzee, lete mashahidi. Akifika uwanjani na majina mawili tofauti hawamuulizi mbio zake, watamtoa foleni. Aanze na ofisi ya vyeti vya kuzaliwa sasa, jina la KCSE lirekebishwe shuleni kabla usajili wa mtihani haujafungwa, na akitimiza 18 aende kwa chifu wiki hiyohiyo.